Banda la video la watoto hapa Mwanga, Kigoma: nguva wa 1989 na nguva wa 2023 kwa mpigo

Wazazi wa Kigoma mjini na Ujiji, na nyie wa Mwandiga mnaoshuka mjini wikiendi, naomba niwaambie kuhusu banda moja la video hapa Mwanga, lile la nyuma nyuma ya soko lenye turubai la bluu mlangoni. Jioni ni kibanda umiza kama vingine, mpira na muvi za ngumi, ila mchana wa Jumamosi na Jumapili jamaa anaweka muvi za watoto tu. Kiingilio ni 500 kwa mtoto, na mzazi akikaa na mwanae halipi, hicho kitu nimekipenda sana maana mabanda mengi mtoto unamuacha mlangoni hujui anakaa na nani wala anaangalia nini.

Kilichonifanya niandike ni utaratibu wake mpya. Anachukua muvi ya watoto ya zamani anaiweka, ikiisha anaweka ile iliyorudiwa miaka hii, siku hiyo hiyo, watoto wakiwa bado wanaikumbuka ya kwanza. Nilimpeleka mtoto wa dada angu siku ya The Little Mermaid, hadithi ya nguva mdogo, yani katuni ya Disney ya 1989 alafu ile ya watu kabisa ya 2023 ambayo stelingi wake ni Halle Bailey, dada mweusi wa Kimarekani. Sasa nyie mnajua ile muvi ilivyosumbua dunia. Walipotangaza tu 2019 kwamba Ariel, yani yule nguva, atakua huyo binti watu wakawaka mtandaoni eti sio Ariel wetu, na treila ilipotoka Septemba 2022 ikawa vile vile, wengine wakirekodi watoto wao wa kike weusi wanavyoruka kwa furaha na wengine wakitukana. Mi nilidhani huo ubishi ni wa huko huko Marekani, kumbe na Mwanga upo, tena upo mlangoni kwa banda pale wanapokaa vijana wa bodaboda.

Kijana mmoja akasema, tena kwa sauti, hadithi ya wazungu waachieni wazungu, nguva mwenyewe alikua mweupe nywele nyekundu, hawa wanaharibu tu. Nikamjibu pale pale na hapa narudia kwa urefu kidogo maana nimeona wengi wanasema hivyo kwa nia nzuri kabisa. Hadithi yenyewe aliandika Hans Christian Andersen wa Denmark mwaka 1837. Kwenye hadithi yake nguva hampati mwana mfalme, yule bwana anaoa mwanamke mwingine na nguva anayeyuka kuwa povu la bahari. Disney 1989 wakaikata hiyo yote wakaweka harusi. Nywele nyekundu nazo ni za Disney. Na yule kaa Sebastian anayeimba kwa lafudhi ya visiwa vya Karibi, sauti yake 1989 ilikua ya Samuel E. Wright, mtu mweusi, anaimba midundo ya Karibi kwenye bahari ya hadithi ya Denmark na hakuna aliyelalamika kwamba hadithi imeharibiwa. Kwaiyo ukiniambia tulinde hadithi ya asili nitakuuliza unailinda ipi, maana mwisho wa hadithi ulibadilishwa ukanyamaza, ikaja rangi ya ngozi ndo ukaamka.

Alafu watu hawasemi kwamba ile ya 2023 imeshonwa upya ili iendane. Wameipeleka kwenye kisiwa cha Karibi, malkia mama wa Eric, yule mwana mfalme, ni mweusi (anaigiza Noma Dumezweni, kazaliwa hapa hapa Afrika, Eswatini), na Eric mwenyewe ambaye ni mzungu inaelezwa kwamba aliokotwa mtoto baada ya meli kuzama akalelewa pale ikulu. Mabinti wa Triton, mfalme wa bahari baba yake Ariel, wako saba, kila mmoja ana bahari yake na sura ya upande wake wa dunia. Yani mtu amekaa akafikiri. Hapo ndo mi nnapopima hizi muvi, sipimi kwa kuuliza stelingi ni rangi gani, napima kama walioibadilisha sura wamekubali na kuifanyia kazi hadithi, au wamebandika tu mtu mweusi juu ya karatasi ya zamani ili watu wenye watoto weusi walipe tiketi.

Na yule binti anaimba jamani. Watoto walikua wameshaanza kuchoka, wengine wanagombania benchi, ulipofika ule wimbo wa kule pangoni kwenye vitu vyake vya binadamu banda lote likatulia. Jodi Benson wa 1989 aliuimba vizuri sana na sitaki kumshusha, ule ndo wimbo wenyewe tulioujua utotoni sisi tuliobahatika kuona kanda. Ila Halle anaupeleka juu mpaka unasisimka.

Mtoto wetu anasoma shule ya msingi ya serikali kwaiyo kichwa chake kimenyolewa kama wenzie wote. Halle kwenye ile muvi hawakumvalisha wigi la nywele za kizungu, walimuachia dredi zake wakazizungushia nywele nyekundu, na chini ya maji zinaelea. Akanivuta kanga. "Mama mdogo, zile ni zake?" Nikamwambia ndio ni zake. "Zangu zikiachwa zikaota zitakua vile?" Nikamwambia zikiachwa zitakua vile, ndio. Hakuuliza tena ila hakutoa macho kwenye tivii mpaka mwisho. Katuni ya kwanza aliifurahia pia, aliicheka sana, ila lile swali hakuwa nalo kwenye katuni. Sasa wewe kijana wa bodaboda mimi nakuelewa unaipenda ya zamani, ipende tu, haijafutwa, mwenye banda si ndo ameanza nayo? Lakini usiniambie mtoto kupata lile swali ni kuharibiwa kwa kitu.

Kuna sehemu nyingine ambayo nadhani ingekua tofauti kwa watoto wa mahali pengine. Ile dhoruba, meli inawaka moto na watu wanaruka majini. Watoto wengi pale ni wa Kibirizi na Katonga, baba zao na kaka zao wako ziwani usiku na taa wakivua dagaa, wanajua upepo wa Tanganyika ukigeuka unakuaje. Hakuna aliyecheka. Dogo mmoja mbele yangu alikua anasema taratibu mshike, mshike, na nguva alipomfikisha Eric mchangani wakapiga makofi banda zima. Mtu mweusi anamuokoa mzungu au mzungu anamuokoa mweusi hakuna mtoto aliyewaza hilo pale, walikua wanaangalia mtu anazama.

Sasa nije kwenye mabaya ya huduma, na naomba mwenye banda kama utafikiwa na haya uyachukue kwa moyo safi maana nataka uendelee.

La kwanza na kubwa ni kopi. Ile ya 2023 aliyoweka ni ya kutafsiriwa, na huyo mtafsiri simtaji ila ameiharibu vibaya. Anaongea juu ya nyimbo. Muvi ambayo nusu ya utamu wake ni kuimba, mtu anaongea juu ya nyimbo! (Ule wa pangoni ulisikika kwa sababu mwenye banda nilimuomba akaubadilisha kwenye kopi nyingine isiyotafsiriwa, Mungu ambariki, alisimamisha akatafuta kwenye flashi watoto wakasubiri.) Mbaya zaidi kila Ariel akitokea mtafsiri anamuongezea maneno yake, mara huyu ameungua na jua la wapi, mara nguva gani mweusi kama chungu cha mawese. Watoto wanacheka kwa sababu yeye anacheka. Nikaangalia wale mabinti wadogo weusi wa Kigoma, ambao ni wote mle ndani, wanafundishwa kucheka ngozi yao wenyewe na sauti ya mtu mzima kwa shilingi 500 niliyolipa mimi. Iliniuma kwakweli na bado inaniuma. Waliomtukana yule dada Marekani wana lao, ila huyu ni mwenzetu anatutukana kwa Kiswahili chetu.

Nilimfuata mwenye banda baadae. Akaniambia dada angu, bila tafsiri hawa hawaelewi Kiingereza, watatoka nje wote. Ni kweli, hilo sipingi. Nikamshauri, kaka, simamisha mtu wako pale mbele, binti wa kidato cha sita au mwalimu, aeleze kwa Kiswahili kizuri kabla ya kila kipande na nyimbo aziache ziimbe zenyewe. Mabanda ya zamani si kulikua na watu wanatafsiri laivu wamesimama na maiki? Akasema atalifanyia kazi. Nitamfuatilia.

La pili ni giza. Ile muvi mpya kule chini ya maji ni nyeusi sana hata kwenye tivii nzuri, hilo ni kosa la walioitengeneza. Sasa weka mchana, banda lina matundu, jua la saa nane linapiga kwenye kioo, sura ya stelingi huioni unaona mkia tu na mapovu. Katuni ya 1989 rangi zake zinawaka kwaiyo haikusumbua. Kwaiyo watoto wa nyuma waliona vizuri Ariel mweupe na hawakumuona vizuri Ariel mweusi, na mmoja akasema ya kwanza nzuri hii mbaya, nikamuuliza kwanini akasema hii haionekani. Kaka, ziba yale matundu na lile dirisha la kushoto kwa kitambaa kizito, na pandisha mwanga wa tivii. Ni kazi ndogo na inabadilisha kila kitu.

La tatu muda. Katuni ni kama saa moja na dakika ishirini hivi, ile mpya ni saa mbili na robo. Ukiziunganisha bila mapumziko watoto wa miaka mitano wanalia, wanataka kujisaidia, na choo ni kimoja kipo kwa jirani. Weka nusu saa katikati, muuza barafu na muuza mihogo wapo pale pale nje watapata riziki pia.

Wiki nyingine aliweka Snow White, ya 1937 na ya 2025 ya Rachel Zegler, na hiyo nayo nataka kuisema maana vijana mlangoni waliitumia kunipinga. Wakasema mnaona, ikibadilishwa rangi inakua mbovu. Hapana. Yule binti ana asili ya Kolombia upande wa mama, anaimba vizuri, yeye sio tatizo hata kidogo. Jina la Snow White (theluji nyeupe, zamani ilikua kwa sababu ya ngozi yake nyeupe kama theluji) wamelipa sababu nyingine, kwamba alizaliwa kwenye dhoruba ya theluji, sawa, nimekubali. Tatizo ni wale wafupi saba, wamewatengeneza kwa kompyuta na sura zao zinatisha watoto, na waigizaji wafupi ambao kazi zao ni chache tayari wakakosa kuonekana kwenye nafasi hizo. Alafu hadithi haijui inataka nini, mara mapinduzi mara mapenzi. Watoto walichoka wakaanza kucheza na viatu. Wakati ile ya 1937, ya zamani hivyo, iliwashika mpaka mwisho, na yule malkia akigeuka bibi kizee kuna waliojificha chini ya benchi. Ndo maana nasema kila moja ihukumiwe kwa kazi yake.

Na wale wanaosema kwanini wasitutungie za kwetu badala ya kutupaka kwenye za wazungu, hao nawasikiliza zaidi. Disney walitupa Tiana 2009, binti mfalme wao wa kwanza mweusi, na sehemu kubwa ya muvi ni chura. Walitupa Simba na Rafiki wa The Lion King kwa majina ya lugha yetu 1994, na Simba mkubwa sauti yake akaifanya Matthew Broderick, mzungu. Kwaiyo ndio, nataka za kwetu, nataka mtu achukue hadithi za ziwa hili wazee wa Ujiji wanazosimulia azifanye katuni. Ila mtoto wangu ana utoto wake sasa hivi, sitamwambia asubiri.

Kwa ujumla nendeni. Mabenchi yana egemeo, sabufa ina sauti safi isiyopasua, jenereta ipo umeme ukizima, na jamaa ana heshima na watoto, anawaamkua mmoja mmoja na akiona mtoto hana 500 sijaona akimfukuza. Muvi ikiisha anawauliza ipi nzuri na kwanini, na anawaacha wabishane wenyewe bila kuwapa jibu, mdogo anasema katuni kwa sababu samaki wanachekesha, mkubwa anasema mpya kwa sababu ya dhoruba. Nilimsikiliza dogo wa darasa la tatu akitetea hoja yake kuliko watu wazima wote wa pale mlangoni.

Anataka sasa aweke Cinderella, katuni ya 1950 kisha ile ya 1997 ambayo Brandy ndo Cinderella na Whitney Houston ndo mama wa kichawi, ambayo wengi hapa hatujawahi hata kuiona pamoja na kwamba Whitney tunamuimba mpaka leo. Shida yake ni kopi, aliyonayo picha inakatika katika. Mwenye kopi nzima, isiyo na mtafsiri juu yake, ampelekee pale bandani, mchana utamkuta.