Wapenzi waanze kwa chuki au kwa urafiki?

Riwaya nyingi za mapenzi hufuata mojawapo ya njia hizi mbili, na Jane Austen wa Uingereza alizitumia zote.

Katika Pride and Prejudice (1813), Darcy anamdharau Elizabeth dansini, naye Elizabeth anasikia kila neno. Kuanzia hapo kila wakikutana ni vuta nikuvute, na msomaji habanduki. Lakini mwenye kiburi habadiliki kwa usiku mmoja. Darcy anaposa, anakataliwa, anaandika barua ndefu ya kujieleza, kisha kimyakimya anaiokoa familia ya Elizabeth na aibu. Waandishi wengi wa leo huziruka hatua hizo, ukatili ukaitwa mapenzi. Hilo linaniudhi sana.

Emma (1815) ni ya urafiki. Knightley anamjua Emma tangu utotoni mwake. Emma anapomkejeli jirani yao Miss Bates mbele za watu kule Box Hill, ni Knightley anayemkemea. Ugumu wa njia hii ni kumfanya mtu amwone kwa macho mapya rafiki aliyekwisha kumzoea. Austen anafanikiwa kwa kumleta Harriet, rafiki wa Emma, akiri kwamba anampenda Knightley; ndipo Emma anaposhtuka na kutambua kuwa naye anampenda. Mimi naipenda hii zaidi.