Kutafuta Maneno ya Kiingereza kwa Herufi Ulizonazo: Kipi cha Kununua na Kipi cha Kuacha

Mchezaji wa Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, na mjazaji wa fumbo la maneno katika gazeti la Kiingereza hukutana na tatizo moja: herufi zipo, neno halipo. Kamusi ya kawaida haiwasaidii, kwa sababu imepangwa kwa kufuata herufi ya kwanza, na mara nyingi herufi hiyo ndiyo wasiyoijua. Kwa hiyo soko limejaa vitabu, programu za simu na vifaa vya mkononi vinavyoahidi kulimaliza tatizo hili, na vingi kati yake havistahili bei yake.

Kabla ya kununua, pambanua kwanza ni swali gani utakalokuwa ukiliuliza. Kupanga upya herufi zote saba ulizoshika ni swali moja. Kupata maneno mafupi yanayoweza kutoka ndani ya herufi hizo ni swali jingine. Kujua maneno yenye herufi tano ambayo ya pili ni A na ya mwisho ni T ni la tatu. Kitabu kilichopangwa kialfabeti hakijibu hata moja kwa urahisi. Kompyuta huyajibu yote kwa njia zilizo rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwa swali la kwanza, herufi za kila neno hupangwa kwanza kialfabeti, na maneno yenye mpangilio mmoja huwekwa pamoja. Ukiandika AEINRST, programu haifanyi kazi ya kubahatisha, bali inafungua fungu lenye NASTIER, RETAINS, RETINAS, RETSINA, STAINER na STEARIN. Ndiyo maana kazi ya kutafuta, peke yake, haifai kutozwa fedha nyingi. Chenye thamani ni orodha ya maneno ambamo programu inatafuta.

Orodha hizo ni mbili kubwa, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki wanapopotea. Marekani na Kanada wanatumia kwa kiasi kikubwa orodha ya chama cha wachezaji kiitwacho NASPA, ambayo kitabu chake cha familia ni The Official Scrabble Players Dictionary cha Merriam-Webster. Sehemu nyingine nyingi za dunia, pamoja na mashindano ya kwetu, hutumia Collins Scrabble Words, ambayo toleo lake la 2019 lilikuwa na maneno 279,496. Tofauti inaanzia kwenye maneno madogo kabisa: toleo hilo la Collins lilikubali maneno 127 ya herufi mbili, ilhali orodha ya Marekani ya 2018 ilikubali 107. CH na ZO yanapita Nairobi, lakini yanakataliwa Chicago. Aliyejifunza kwa orodha isiyo ya kwao atapoteza alama kwa neno alilolihifadhi kwa bidii.

Kwa msingi huo, nafasi ya kwanza naipa Collins Zyzzyva, programu ya kompyuta isiyolipiwa. Inatafuta kwa kupanga upya herufi, kwa mfano wa neno wenye nafasi zilizo wazi, kwa urefu, na kwa herufi zinazotakiwa kuwamo au kutokuwamo. Iambie ikupe maneno yenye Q yasiyo na U, nayo itakuletea QANAT, TRANQ, FAQIR, QADI na QIBLA. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu kuona fakiri, kadhi na kibla wakimwokoa kwenye mchezo wa Kiingereza, maana yote matatu yametoka Kiarabu kama ya kwetu. Humo pia yamo UHURU, UJAMAA, MATATU na MZEE. Programu hii ina sehemu ya kujipima na sehemu ya kuamua ubishi, ambayo hujibu tu kama neno linakubalika au la. Kasoro yake ni sura kavu isiyomkaribisha mgeni, na machaguo yake ni mengi kiasi kwamba jioni ya kwanza utaitumia kujifunza programu badala ya maneno.

Ya pili ni kitabu cha Collins chenyewe, na hapa ndipo fedha zinapofaa kutoka. Angalia jina kwa makini, kwa kuwa majalada yanafanana. Collins Scrabble Words ni orodha ya maneno ya herufi 2 hadi 15, na inamfaa mchezaji wa mashindano. Collins Scrabble Dictionary inaeleza maana kwa ufupi, nayo inafaa zaidi nyumbani na shuleni, ambako mtoto atauliza neno lina maana gani kabla ya kukubali kushindwa. Angalia pia mwaka: orodha husahihishwa kila baada ya miaka kadhaa, na nakala ya mtumba ya toleo la zamani haitakuwa na OK, ambalo Collins ililiingiza mwaka 2019. Kwa mchezo wa sebuleni upungufu huo unavumilika. Mezani pa mashindano hauvumiliki.

Kwa anayejaza mafumbo ya gazeti, mpangilio huu unabadilika. Yeye anahitaji maana pamoja na herufi, hivyo tovuti ya OneLook, isiyolipiwa, inamtangulia Zyzzyva: alama ya kuuliza husimama badala ya herufi moja, na kinyota badala ya herufi zozote. Akitaka kitabu, achukue Bradford's Crossword Solver's Dictionary, ambacho hukusanya majibu chini ya maneno yanayotumiwa kudokeza.

Programu za simu naziweka chini ya hivyo vyote. Nyingi ni nyepesi na zina matangazo mengi, na hazitaji orodha zinayoitumia. Programu isiyosema kama ni Collins au NASPA usiilipie, na ile inayodai malipo ya kila mwezi iache hata ikitaja. Kitabu cha Merriam-Webster ni kizuri kwa wachezaji wa Marekani, na toleo lake la saba la 2022 lina maneno zaidi ya 100,000, lakini linaishia herufi nane na halifuati orodha yetu. Mnunulie nduguyo aliyeko Marekani.

Mwisho kabisa kuna kamusi ndogo za umeme za mkononi, kama zile za Franklin zilizotengenezwa kwa wachezaji wa Marekani. Orodha iliyofungiwa ndani haibadiliki, hivyo kifaa huzeeka siku toleo jipya linapotoka. Ukikikuta kwa bei ya chini, uliza kwanza ni orodha gani na ya mwaka gani. Muuzaji asipoweza kujibu, kirudishe mezani.