Kontrola ya pampu ya kisima kirefu: ipi ununue, ipi uiache dukani

Pampu ya kisima kirefu mara nyingi haifi kwa uzee. Huuawa na kuzunguka pakavu, au na umeme unaoshuka na kupanda. Mota yake hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake, na bushi za pampu hulainishwa na maji hayo hayo. Maji yakikata, haichukui muda plastiki za ndani kuanza kuyeyuka. Kinachofuata ni kuita vijana, kuvuta bomba lote juu na kupeleka mota ikasukwe upya. Mtu aliyelipia mita zote za kuchimba kisima Goba au Kigamboni, Dar es Salaam, kisha akabana pesa kwenye kontrola, yaani boksi la kuwasha na kuzima pampu, mimi simwelewi.

Kabla ya kwenda dukani, soma kibati cha mota: kilowati, ampea, fezi moja au tatu. Kontrola hununuliwa kwa ampea. Kisha muulize muuzaji kama hiyo anayokupa inazima kisima kikikauka. Maboksi mengi ya bei poa yana swichi, kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) na kinga ya mzigo mkubwa, basi. Hayo ni ya kuwashia pampu tu.

Chaguo langu la kwanza ni kontrola ya elektroniki inayosoma mzigo wa mota, yaani umeme inaovuta, kutoka juu, bila waya wowote wa ziada kisimani. Pampu ikikosa maji, mzigo hupungua, kontrola ikazima, ikasubiri kisima kijae, kisha ikawasha tena. Tafuta inayokuruhusu kupanga muda huo wa kusubiri. Dakika 30 ni mwanzo mzuri kwa kisima kinachojaa polepole. Iwe pia inakata umeme ukitoka nje ya kiwango: kwa mota ya volti 230, chini ya 207 hivi si pa kuchezea. Kwa mota ndogo ya fezi moja kuna jambo ambalo muuzaji hakwambii: ampea zake hazishuki sana pampu ikiwa kavu, kwa hiyo inayopima nguvu yenyewe, yaani wati, hushika vizuri kuliko inayopima ampea peke yake.

Ya pili ni rilei, swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, yenye proba, yaani vihisi vya maji vinavyoning'inizwa kisimani. Kwa usahihi inaishinda ya kwanza, maana huzima kabla maji hayajafika kwenye pampu. Nimeishusha kwa sababu ya ukanda wetu wa pwani: maji ya chumvi hula proba, na nyaya hujisokota kwenye bomba siku ya kuvuta pampu. Ukiwa na kisima chenye maji machache, ipandishe iwe ya kwanza.

Inverta ya kubadili kasi naiweka ya tatu. Huwasha mota taratibu na inafaa hoteli au shamba lenye mota ya fezi tatu. Kwa nyumba inayojaza simtanki tu, ni pesa nyingi, na waya mrefu wa kisimani huweza kudai kichujio cha umeme, gharama nyingine tena.

Kile kidude cha presha kinachofungwa kwenye bomba, kinachozima pampu koki zikifungwa, ni cha pampu za juu ya ardhi. Piga hesabu: pampu inayoweza kusukuma mita 150, maji yakiwa mita 40 chini, koki zikifungwa presha hapo juu ni karibu bar 11. Vidude vingi vimeandikwa mwisho bar 10.

Boya la tangi ni la mwisho, na kama ulinzi halihesabiki. Linazuia tangi kufurika. Kisima kikikauka, halijui. Wenye pampu za sola nao watazame nyuma ya kontrola yao: mara nyingi fundi ameziunganisha zile tundu za proba kwa kipande cha waya ili pampu iwake tu.

Ukishafunga, kontrola ikizima na taa ya ukavu ikawaka, usikimbilie kuilaumu. Anza na koki kuu: ikiwa imefungwa, mzigo hushuka vilevile. Ikiwa inafanya kazi dakika kadhaa kisha inazima, kila siku hivyo, pampu inavuta kuliko kisima kinavyotoa. Bana koki kidogo au weka pampu ndogo zaidi. Taa ya mzigo mkubwa ni mchanga, umeme mdogo au kapasita iliyochoka. Mota ikinguruma bila kuzunguka, badilisha kapasita kwa thamani ile ile iliyoandikwa ubavuni. Kata umeme kwanza, na kumbuka kapasita hubaki na chaji.

Breka ikiruka papo hapo, fundi apime nyaya za kisimani kwa mega, kipimo cha kuona kama umeme unavuja, zikiwa zimefunguliwa kwenye kontrola ili asiiunguze. Chini ya megaomu 0.5, shuku kiungo cha waya kilichoko ndani ya maji kabla ya kukubali kwamba mota imekufa.