Uzio wa mizinga ya nyuki au wa umeme: upi umzuie tembo shambani?

Tangu 2021 tembo wa savana wameorodheshwa kuwa hatarini kutoweka. Lakini mkulima aliyemaliziwa mahindi usiku mmoja anahitaji ulinzi kwanza, ndipo amvumilie tembo.

Kwa gharama, mizinga inashinda. Kule Sagalla, jirani na Tsavo, huning'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma, mizinga inayumba, nyuki wanatoka kwa hasira. Asali nayo inauzika! Ila ukame ukikaza, nyuki huhama.

Umeme hauhami, na hufaa eneo kubwa: uzio wa Aberdare una kilomita karibu 400. Lakini nyasi zikigusa waya nguvu hupungua, na tembo mjanja huukata kwa pembe, zisizopitisha umeme vizuri.

Una ekari mbili na maua karibu? Mizinga. Kijiji kizima chenye mfuko wa matengenezo? Umeme.