Miaka sita na AO3: ninavyochagua hadithi ya mashabiki ya kusoma

Arthur Conan Doyle aliandika riwaya 4 na hadithi fupi 56 za mpelelezi Sherlock Holmes. Nilizimaliza zote nikiwa chuo, nikabaki na kiu. Ndipo rafiki yangu akanionyesha Archive of Our Own, ambayo wasomaji tunaiita AO3 kwa kifupi: maktaba ya mtandaoni ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki kwa kuwatumia wahusika wanaowapenda. Za Holmes peke yake, ukichanganya na zile zilizotokana na filamu na tamthilia zake, zinapita laki moja. Nilikuwa nimeomba maji ya kunywa, nikaonyeshwa ziwa.

Miezi ya mwanzo nilichagua kwa kudos, yaani zile pongezi ambazo msomaji hutoa kwa kubonyeza mara moja tu kwa kila hadithi. Nilipanga orodha kuanzia yenye nyingi, nikashuka nayo. Nilipata nzuri kadhaa, lakini nyingine nilizimaliza kwa shida, na sababu niliielewa baadaye. Hadithi iliyowekwa miaka kumi iliyopita imekuwa na muda wa kuokota pongezi. Iliyowekwa mwezi jana haijapata muda huo, hata iwe bora mara mbili. Wapo wanaogawanya kudos kwa idadi ya mara hadithi ilipofunguliwa. Hesabu hiyo nayo huionea hadithi ndefu: msomaji anarudi kwa kila sura mpya, mara za kufunguliwa zinapanda, kudos zake zinabaki moja.

Siku hizi naanza na vichujio, na hapo AO3 inanifurahisha kweli. Naweka lugha, naweka urefu kati ya maneno 10,000 na 60,000, halafu nachagua zilizokamilika tu. Hilo la mwisho nilijifunza kwa maumivu, kwenye tovuti nyingine kabla sijaijua hii. Nilisoma sura 23 za kisa cha mauaji, sura ya 24 ndiyo ingemtaja muuaji, na mwandishi akanyamaza moja kwa moja. Mpaka leo simjui muuaji. Kwa hiyo naangalia namba ya sura kabla ya kitu kingine: 12/12 imekwisha, 12/? mwenyewe bado hajui itafika wapi.

Kuna alama mbili ambazo mgeni lazima azijue. Majina mawili yakitenganishwa na mkwaju, mfano Holmes/Watson (Watson ni rafiki wa Holmes anayesimulia visa vyake), hiyo ni hadithi ya mapenzi kati yao. Yakiunganishwa na alama ya &, ni urafiki au uhusiano mwingine usio wa mapenzi. Usipoijua tofauti hiyo utafungua usichokitafuta. Angalia pia daraja la umri na maonyo. Mwandishi akiandika kwamba amechagua kutotumia maonyo, hajakuhakikishia kuwa hadithi ni salama. Maana yake chochote kinaweza kuwemo. Mimi sipendi kusoma mateso, kwa hiyo lebo za mateso (lebo ni maneno ambayo mwandishi hubandika kueleza kilichomo) naziweka upande wa kuondoa, na hadithi hizo zinatoweka kwenye orodha yangu. Nyuma ya lebo kuna watu wa kujitolea wanaounganisha zile zenye maana moja hata kama kila mwandishi ameandika kwa namna yake. Nawashukuru kila ninapotafuta.

Vichujio vikishanibakishia hadithi thelathini hivi, kinachofuata ni jicho langu. Nasoma aya tatu za mwanzo. Kwa Doyle, wawili hawa huitana Holmes na Watson. Mwandishi akiniweka London ya mwaka 1889, halafu Watson anaita "Sherlock" sebuleni bila sababu yoyote, naifunga. Kinyume chake, yupo anayekumbuka kuwa Doyle mwenyewe aliliweka jeraha la vita la Watson begani katika riwaya ya kwanza, kisha mguuni katika ya pili, na akaijenga hadithi yake juu ya utata huo. Huyo nampa usiku wangu mzima.

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilianza na Watson akiandaa chai. Anatoa vikombe viwili kabatini, anasimama, anarudisha kimoja. Ni ile miaka mitatu, 1891 hadi 1894, ambayo Holmes anadhaniwa amekufa kwenye maporomoko ya Reichenbach. Mwandishi hakutaja huzuni hata mara moja katika ukurasa ule, na sikuhitaji kuambiwa.

Kuna njia nyingine ya kumpima mwandishi usiyemjua, na sijaona wengi wakiitumia. Mashabiki wa Holmes wana aina ya kisa kifupi kinachoitwa 221B, kutokana na namba ya nyumba yake ya Baker Street: lazima kiwe na maneno 221 kamili, na neno la mwisho lianze na herufi B. Mwandishi akiwa nacho, nakisoma kwanza, ni dakika moja tu. Aliyeweza kusimulia kitu chenye uhai ndani ya maneno 221, namwamini na maneno yake 60,000.

Lakini zilizonifaa zaidi sikuzipata kwa namba wala kwa vichujio. Nilizipata kwa kumfuata msomaji mwenzangu. Kila hadithi ina alamisho za wasomaji walioihifadhi, na zile zilizo wazi mtu yeyote anaweza kuzitazama. Nilipoimaliza ile ya vikombe viwili, nilifungua alamisho zake. Wengi walikuwa wamehifadhi bila neno lolote, ila mmoja aliandika mistari minne akieleza kwa nini sura ya tano imejengwa vizuri kuliko ya mwisho. Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo. Nikaingia kwenye orodha yake yote, nikaanza kusoma moja baada ya nyingine, na katika kumi za kwanza nilizipenda nane. Kwa njia yoyote nyingine sijawahi kukaribia hapo. Sijawahi kuzungumza naye, lakini kila mwezi napita kuangalia amehifadhi nini kipya.

Kuhusu gharama, hakuna. AO3 inaendeshwa na shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2007, haina matangazo, inaishi kwa michango. Kusoma hakuhitaji akaunti, isipokuwa hadithi ambazo waandishi wamezifungia wenye akaunti tu, na akaunti hupatikana kwa kuomba mwaliko. Hadithi za Kiswahili ni chache mno, kwa hiyo utasoma zaidi kwa Kiingereza, na hilo linaniuma.

Kinachonisaidia sana mimi wa bando ni kupakua. Jumapili usiku nachagua tatu au nne, nazipakua kwa EPUB, aina ya faili la kitabu cha kielektroniki, wiki nzima nasoma kwenye daladala bila intaneti. Wiki hii nimepakua nne. Tatu zimetoka kwenye alamisho za yule msomaji, na ya nne ni ya mwandishi ambaye jana nilimaliza kusoma 221B yake.