Maka peni, stika na neno "nibipu": nilivyoweka alama kwenye visahani vyangu

Kisahani changu cha njano, cha mchezo wa kurusha, nilikikuta kwa mama mmoja kule Luchelele, hapa Mwanza, chini ya mwembe, kuku wanakinywea maji. Nilisimama pale nisijue nicheke au nidai. "Mwalimu, kumbe ni chako? Mie nilidhani bakuli la mbwa wa wazungu," akasema, akamwaga maji, akakifuta kwa kanga na kunipa kwa mikono miwili. Kilikuwa kimepotea wiki tatu. Na upande wa ndani, kwa wino mweusi unaosomeka vizuri kabisa, kulikuwa na jina la mtu na namba ya simu.

Namba yenyewe ilikuwa ya Marekani.

Nieleze kwanza. Visahani hivi nilirithi sita kutoka kwa jirani aliyemaliza mkataba wake hapa Mwanza na kurudi kwao. Ni vya gofu ya visahani: badala ya fimbo na mpira, unarusha kisahani cha plastiki kuelekea kikapu chenye minyororo, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kikapu hicho alikibuni Ed Headrick wa California, na uwanja wa kwanza wa kudumu uliwekwa huko huko mwaka 1975. (Mzee huyo alipofariki mwaka 2002, majivu yake yalichanganywa kwenye plastiki vikafinyangwa visahani. Ukiokota kimoja cha namna hiyo sijui unampigia nani.) Sisi hatuna minyororo. Tuna matenga ya nyanya tuliyoyafunga juu ya miti, na uwanja wetu ni mteremko wa mawe unaoishia ziwani.

Anayeijua Mwanza ameshaelewa tatizo. Mawe yetu yamepandana, na kati ya jiwe na jiwe kuna nafasi ambayo pimbi anaingia na mkono wa mtu haufiki mwisho. Kisahani kikigonga jiwe kinaruka pembeni, kinatembea kwa ukingo kama gurudumu la mtoto, kinatokomea. Mimi sijapata duka la kuvinunua hapa mjini. Kuagiza kimoja ni dola 10 hadi 20 kabla hujagusa gharama ya kusafirisha, kwa hiyo kila kinachopotea kinauma.

Nilianza na stika. Nilikwenda kwa jamaa wa kuchapisha pale mjini, nikamweleza, akaniapia kwamba zake hata ukizama nazo ziwani hazitoki. Ishirini kwa shilingi 10,000. Zilikuwa nzuri, sikatai, zenye jina langu na kapicha ka sangara ambako sikukaomba. Wiki ya pili pembe zikaanza kuinuka. Umande wa asubuhi, jua la mchana, kisha kisahani kusuguana na vingine ndani ya begi. Ya wiki ya nne niliikuta imejikunja kama ganda la kitunguu. Nilipomrudia akaniuliza kama nilikuwa navirusha. Ndiyo kaka, navirusha, ndiyo kazi yake.

Rangi ya kucha ya mke wangu nayo nilijaribu, kimoja tu. Inabanduka vipande vipande, na nyumbani nililipa faini.

Ndipo nikarudi kwenye kitu cha kawaida kabisa, maka peni nyeusi ya wino usiofutika, ya shilingi 1,500 kwenye duka la vifaa vya shule. Hii ndiyo ninayoisifia hapa, ila ina masharti yake. Wino wake umeyeyushwa kwa spiriti, na spiriti hiyo hiyo ndiyo inayoufuta. Nilijua siku nilipotaka kuondoa jina la jirani yangu: pamba moja yenye spiriti, mpitisho mmoja, Marekani ikaisha. Hata kitakasa mikono kinaufifisha. Basi kabla ya kuandika, futa kisahani kwa spiriti ili mafuta ya vidole yatoke, kiache kikauke, ndipo uandike, kisha usikiguse kwa muda. Kwenye plastiki ya bei ya chini, ile isiyong'aa, wino unaingia na kukaa. Kwenye ile ya bei kubwa inayoteleza, unakaa juu juu, na mimi huwa narudia kila baada ya miezi miwili.

Mahali pa kuandika ni pa muhimu kuliko kalamu. Juu usiandike, mawe yetu ni msasa, mechi mbili tu na jina limekuwa ukungu. Ukingo wa ndani nao ndipo vidole vinaposhika, jasho linakula herufi. Katikati ya upande wa chini ndiyo sehemu pekee isiyoguswa na kitu. Tumia nyeusi. Nyekundu niliyojaribu iligeuka ya waridi kwa jua la Juni, halafu nikabaki na nusu ya namba.

Sasa yale maneno. Nilipofuta namba ya Marekani niliandika kwa Kiingereza, maana ndivyo nilivyoona kwenye picha za wenzetu: ukikipata tafadhali piga, jina, namba yangu. Nikapoteza vinne. Hakuna aliyepiga. Hata mmoja! Nikawa nawalaumu watu wa mtaa kimoyomoyo, mpaka nilipokuta kimoja kimefunika ndoo ya maji kwa kijana mmoja anayeuza chipsi. Nikamuuliza kwa upole, mdogo wangu, hukuona namba? Akasema aliiona, akadhani ni namba ya kiwanda. Na hata angejua, akaongeza bila aibu, salio la kumpigia mtu asiyemjua kuhusu mfuniko alitoe wapi?

Siku ile nilikwenda nyumbani nikaviandika upya vyote vilivyobaki. Vinasomeka hivi: "Si sahani, ni cha mchezo. Ukiokota nibipu. Soda ipo." Kisha namba yangu. Basi.

Tangu masika nimepoteza saba, vimerudi vitano. Viwili waliviokota watoto wa shule, ambao sasa nahisi wanajificha nyuma ya mawe kusubiri tukose shabaha. Kimoja alikileta mama aliyekuwa anatafuta kuni, kingine dereva wa bodaboda aliyekiona katikati ya barabara akadhani kimeanguka kwenye gari.

Cha tano ndicho kilichonifurahisha. Kilizama ziwani, kwa sababu visahani vingi vya mchezo huu vinazama, ni vichache tu vyepesi vinavyoelea, na mimi sikuwa tayari kuingia kwenye yale matete kukitafuta na kuuguza kichocho kwa ajili ya plastiki. Nikakisamehe. Baada ya siku kumi na kitu nikabipiwa saa nne usiku. Nikapiga. Sauti ya mwanaume, nyuma yake kelele za mtu anayepaa samaki.

"Kaka, wewe ndiye mwenye hiki cha soda?"

"Ndiyo mimi, kaka. Umekipata wapi?"

Kimya. "Huku huku."

"Huku wapi? Ziwani?"

"Kaka, wewe unataka kisahani au unataka maelezo?"

Nikaelewa. Kisahani kilicholala kwenye tope la ufukweni hakipandi kwenye nyavu za dagaa, kinakombwa na kokoro, wavu unaoburutwa chini, na kokoro limepigwa marufuku. Mtu angeweza kukitupa yakaisha. Alinikabidhi kesho yake pale mwaloni, amekifunga kwenye gazeti kama sato, akanywa soda yake akiwa amesimama, na sikuuliza tena. Wino ulikuwa mzima baada ya siku zote hizo majini. Maji tu hayaufuti, na hapo maka peni ya 1,500 ilinishangaza.

Kasoro zipo. Namba yako ikishazagaa milimani usishangae kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii" mara nyingi kuliko zamani. Mimi nimehamishia alama hii kwenye laini ya pili ambayo siweki pesa. Jina sikuliandika makusudi, lakini anayetaka kulijua atajaribu kutuma pesa kwa simu na litajitokeza lenyewe. Kingine, alama hii haimzuii mwizi mwenye spiriti. Ni ya mtu mwema aliyekosa salio.

Kama unafikiria mashindano, alama si hiari. PDGA, chama kikuu cha mchezo huu kilichoanzishwa mwaka 1976, kinataka kila kisahani kiwe na alama ya kukitofautisha, kwa wino au rangi. Ukirusha kisicho na alama unaonywa, ukirudia unaongezewa mrusho wa adhabu. Nilidhani ni ukiritimba wa wazungu, mpaka siku sisi wawili tulipokuwa na visahani vya rangi ya chungwa vya aina moja, kimoja kikatua hatua mbili kutoka kwenye tenga na kingine kikaangukia kwenye shamba la mihogo. Tulibishana mpaka magharibi. Cha kwenye mihogo kilikuwa changu, alama ilinisaliti.

Maka peni naipa nyota nne. Ya tano naikata kwa sababu kifuniko chake kimepasuka mwezi wa pili na sasa naifunga kwa mpira wa baiskeli isikauke. Stika sizipi kitu, ingawa kale kasangara mwanangu amekabandika kwenye daftari na bado kamo.

Viwili havijarudi. Kimoja sina hata fununu. Kingine, chekundu, kilidondoka mbele ya macho yetu kwenye ufa kati ya mawe mawili, tukamulika kwa tochi ya simu tukakiona, na mkono haukufika. Juzi jioni nilibipiwa na namba nisiyoijua. Nikapiga, akapokea mtoto.

"Shikamoo anko. Kile chekundu tumekitoa kwa fito."

"Marahaba! Hongereni sana. Soda ipo."

"Anko, tuko wanne."