Bucha la Temeke linalojua muundi, na rosti ya nyama isiyohitaji pakiti wala divai

Bucha ninaloliandikia hapa liko Temeke, mwendo mfupi kutoka soko la Stereo. Ninalisifia kwa sababu moja kubwa: ukiomba muundi, unapewa muundi. Si kila bucha la Dar es Salaam litakufanyia hivyo. Kwingi nyama imegawanywa mafungu mawili tu, steki na mchanganyiko, na ukitaja mchanganyiko unapimiwa chochote kilicho karibu na kisu. Hapa mguu mzima, shingo, mbavu na kidari vimetundikwa kila kimoja na kulabu yake. Unaonyesha kwa kidole, kijana anakata.

Kwa rosti, mimi nataka muundi, ile nyama ya mguu wa chini, na mfupa wake. Ni msuli uliombeba ng'ombe maisha yake yote, umejaa kano na utando mweupe. Tena ng'ombe wetu wengi ni hawa wa asili wenye nundu, wanaokula majani na kutembea sana kabla ya kufika mnada wa Pugu na machinjio ya Vingunguti. Ukiipika nyama hiyo haraka haraka, taya zitachoka. Ukiipa muda kwenye moto mdogo, utando wote ule unayeyuka na kuingia kwenye mchuzi, mchuzi unakuwa mzito na kung'ang'ania midomo. Steki haiwezi kukupa kitu hicho hata uipike mpaka jioni. Inakauka na kuwa nyuzi tupu.

Ndiyo maana nasema ladha inaanzia buchani. Chukua pakiti yoyote ya kuungia mchuzi uigeuze nyuma. Mara nyingi utakuta chumvi na wanga vimetangulia, kisha kiongeza ladha, rangi ya manjano na viungo kidogo. Chumvi unayo nyumbani. Wanga ni wa kuzidisha uzito, kazi ambayo muundi unaifanya wenyewe. Hicho kiongeza ladha nacho, kitu cha namna hiyohiyo kimo kwenye nyanya iliyoiva vizuri na kwenye nyama iliyopikwa muda mrefu. Sisemi pakiti ni sumu. Nasema zinafanya michuzi ya nyumba zote ifanane, na mimi nataka ukionja rosti yangu ujue umekula kwangu.

Divai je? Mapishi ya Kifaransa, hasa ile nyama ya Bourgogne, yanadai divai nyekundu karibu chupa nzima. Nchi yetu inakamua divai kule Dodoma, lakini nyumbani kwangu haiingii, ni suala la dini. Divai kwenye nyama inaleta uchachu unaokata mafuta, utamu wa mbali na rangi iliyokolea. Vyote vitatu vimo kwenye ukwaju.

Sasa upishi wenyewe. Wengi wetu tumezoea kuchemsha nyama kwanza na chumvi, tangawizi na limau, ikilainika ndiyo tunaiunga. Mimi naitetea njia ya kinyume: kaanga kwanza. Nyama mbichi iliyokauka uso ikikutana na sufuria iliyopata moto sawasawa, inageuka kahawia, na ukahawia huo una ladha ambayo maji hayawezi kuitengeneza. Maji yanayochemka hayavuki nyuzijoto 100, na nyama inataka kama 140 ndipo ianze kubadilika vizuri. Kwa hiyo nikitoka buchani naipaka chumvi na kuiacha kwenye friji bila kuifunika mpaka kesho yake. Nyama ya asubuhi imechinjwa usiku uleule, bado imekakamaa. Ikilala inalegea, chumvi inaingia ndani, na uso unakauka.

Mafuta ya kukaangia nayapata hukohuko buchani: naomba kipande cha nundu, nakikatakata, nakiyeyusha. Nakaanga vipande vichache vichache, visigusane, na sivigeuzigeuzi. Nikitoa cha mwisho, chini ya sufuria kunabaki tabaka la kahawia lililoganda. Tafadhali usilioshe! Hiyo ndiyo pakiti yako.

Juu yake naweka vitunguu maji vitatu vikubwa, kwa kilo moja na nusu ya nyama pamoja na mfupa. Moto mdogo, mpaka viwe vyekundu. Maji ya vitunguu yanalilegeza lile tabaka, nalikwangua kwa mwiko. Kisha kitunguu saumu na tangawizi vya kutwanga, halafu nyanya sita zilizoiva sana, nimezikwaruza. Hapa ndipo rosti nyingi zinapoharibikia, kwa sababu mtu anamwaga maji mapema. Nyanya zikaange mpaka zikauke, mafuta yajitenge pembeni, harufu ya ubichi iondoke kabisa. Kama nyanya za sokoni siku hiyo ni za maji maji, kijiko kimoja cha nyanya ya kopo kinasaidia, nacho kikaangwe pamoja nazo.

Viungo ni vichache: binzari nyembamba kijiko cha chai, pilipili manga punje kama kumi, karafuu tatu, kijiti kifupi cha mdalasini. Navikaanga vikavu, natwanga kwenye kinu wakati huohuo. Ukizidisha hapo, sufuria inaanza kunukia pilau.

Nyama inarudi sufuriani, maji ya moto yafike nusu yake tu, funika. Mkaa uwe kidogo, mchuzi utokote kwa mbali, saa mbili na nusu hadi tatu. Karoti na viazi mviringo vinaingia saa ya mwisho. Ukwaju ninaouloweka na kuuchuja uwe mzito unasubiri viazi viive kwanza, kwani uchachu unavichelewesha kulainika. Vijiko viwili vinatosha, kisha unaonja. Mwisho natikisa mfupa ili uboho wote udondokee kwenye mchuzi.

Nirudi kwenye bucha. Mifupa wanaikata kwa msumeno wa umeme, na hilo kwa mpishi wa rosti ni jambo kubwa, maana mfupa uliopasuliwa kwa shoka unaacha vichembe kwenye mchuzi, na nina wajukuu wanaokula na sisi. Mizani inamtazama mteja. Kijana anayekata ana adabu na anasikiliza: "Shikamoo mama, leo ya supu au ya rosti?" "Marahaba baba, ya rosti, nikatie kiasi cha boksi la kiberiti." Usiposema, atakukatia vidogo, na vipande vidogo vinavunjika kabla utando haujayeyuka.

Kasoro zipo. Wavu wa dirisha una matundu, na mchana nzi wanapita. Nundu wanaipima kwa bei ileile ya nyama, jambo linaloniudhi kila ninapolipa. Jumamosi foleni inafika barabarani na hapo usitegemee mtu akuchagulie kwa utulivu. Bei ya muundi ni ya mchanganyiko, iko chini ya steki, lakini kumbuka unalipia na mfupa, hivyo ongeza kidogo kwenye kipimo chako. Beba na bakuli lako lenye mfuniko, mifuko yao ni myepesi na damu inavuja njiani.

Kwa nyama na mkono wa kijana yule nawapa nyota tano, kwa usafi wa dirisha tatu. Ukitaka muundi uende kabla ya saa mbili asubuhi, siku ya katikati ya wiki. Ng'ombe mmoja ana miguu minne tu, na wauza supu wa Temeke wanaamka mapema kuliko sisi wote.